Kijani na Dhahabu: Kwa Nini Kinyongo cha Mashabiki kwa Familia ya Glazer Hakiishi

Usiku wa tarehe 10 Machi 2010 tulikuwa tumebanana kwenye banda umiza moja mjini Morogoro, wengine kwenye mabenchi, wengine wamesimama mlangoni, tukiangalia Manchester United ikiitandika AC Milan mabao 4-0. Mechi ilipokwisha kamera ikamfuata David Beckham. Alikuwa amerudi Old Trafford, uwanja wa timu yake ya zamani, kwa mara ya kwanza akiwa mpinzani, na mashabiki wa United wakamrushia skafu. Akaiokota, akaivaa shingoni. Ilikuwa ya kijani na njano. Nyuma yangu kijana mmoja akauliza kwa sauti, "Kaka, Man U nao wamehamia Jangwani?" Banda zima likaangua kicheko, na watu wa Yanga, timu ya Jangwani yenye rangi hizohizo, wakapiga makofi.

Tulicheka, lakini lile lilikuwa swali la maana. Timu ilikuwa imeitoa Milan kwa jumla ya mabao 7-2. Siku kumi kabla ilikuwa imebeba Kombe la Ligi pale Wembley. Ilikuwa imetwaa ubingwa wa Uingereza misimu mitatu mfululizo, 2007, 2008 na 2009, na Ligi ya Mabingwa Ulaya mwaka 2008 kule Moscow. Kwa mtu anayelipa kiingilio chake banda umiza, hiyo ni neema. Halafu majukwaa ya Old Trafford yamejaa rangi ambazo si za timu, na maelfu wanaimba nyimbo za kuwatukana wenye timu, familia ya Glazer. Wanataka nini tena?

Nimelibeba swali hilo miaka mingi, kwa sababu jibu lake linapingana na jambo ambalo karibu kila mtu analiamini: kwamba mashabiki huwachukia viongozi wa timu pale timu inapofungwa. Ingekuwa hivyo, skafu zile zingengoja mpaka 2013, kocha Sir Alex Ferguson alipostaafu na mambo yakaanza kuharibika. Hazikungoja. Kijani na dhahabu ni rangi za Newton Heath, timu iliyoanzishwa mwaka 1878 na wafanyakazi wa reli wa kaskazini mwa Manchester, ambayo mwaka 1902 iliokolewa kwenye madeni na kupewa jina la Manchester United. Aliyevaa skafu ile alikuwa anamwambia mwenye timu: sisi tulikuwepo kabla yako. (Beckham mwenyewe alisema baadaye kwamba yeye ni shabiki wa United tu, na masuala ya uendeshaji wa klabu hayamhusu.)

Ili kuelewa kinyongo hiki inabidi kuelewa namna timu ilivyonunuliwa, na hapo ndipo wengi wetu huchoka kusikiliza, kwa sababu maelezo hujaa maneno ya mabenki. Nitajaribu kwa lugha yetu.

Tangu 1991 Manchester United ilikuwa kampuni iliyouza hisa zake kwenye soko la hisa la London. Yeyote mwenye fedha aliweza kununua, na mashabiki wengi wa kawaida walikuwa na hisa chache chache, wamezitunza kama kumbukumbu ya familia. Mwaka 1998 kampuni ya televisheni ya BSkyB ilitaka kuinunua klabu yote kwa pauni milioni 623. Mashabiki wakajipanga, wakapinga, na Aprili 1999 serikali ya Uingereza ikauzuia mpango huo. Watu wakabaki na imani kwamba wakisimama pamoja wanaweza kuilinda timu yao. Imani hiyo ndiyo iliyovunjwa miaka sita baadaye.

Malcolm Glazer alikuwa mfanyabiashara wa Marekani, mmiliki wa Tampa Bay Buccaneers, timu ya mpira wa Kimarekani ya Florida. Alianza kununua hisa za United kidogo kidogo mwaka 2003. Wenye fungu kubwa zaidi walikuwa matajiri wawili wa Ireland, John Magnier na J.P. McManus, wapenzi wa mbio za farasi. Magnier alikuwa amegombana na Ferguson juu ya farasi anayeitwa Rock of Gibraltar, wakivutana nani ana haki ya mapato ya mbegu zake. Ugomvi ulimalizwa mwaka 2004, lakini urafiki haukurudi. Tarehe 12 Mei 2005 Waireland wale wakamuuzia Glazer fungu lao lote, na kwa siku moja akawa na zaidi ya nusu ya klabu. Kabla ya mwezi Juni kwisha United ilikuwa imeondolewa kwenye soko la hisa, na mashabiki waliokuwa na hisa zao kabatini wakalazimika kuziuza.

Bei yote ilikuwa kama pauni milioni 790. Swali ni moja: fedha hizo zilitoka wapi?

Fikiria bodaboda wa mkataba. Tajiri anamkabidhi pikipiki, kila jioni kijana anapeleka hesabu, na baada ya mwaka mmoja na nusu hivi pikipiki inakuwa yake. Ni kazi ngumu, lakini kila shilingi anayoitoa inamsogeza karibu na kitu chake. Sasa geuza mkataba huo. Anakuja mtu kutoka mbali anataka pikipiki unayoiendesha. Hana fedha ya kutosha, kwa hiyo anakwenda kukopa, na dhamana anayoiweka ni pikipiki hiyohiyo. Akishaipata anakwambia uendelee kuendesha na kuleta hesabu kila jioni, kwa sababu hesabu hiyo ndiyo itakayolipa marejesho ya mkopo wake. Mkopo ukilipwa, pikipiki ni yake. Ukishindwa kulipwa, pikipiki inachukuliwa na wewe unabaki bila kazi.

Hivyo ndivyo United ilivyonunuliwa. Zaidi ya pauni milioni 500 zilikuwa za kukopa, na sehemu kubwa ya mkopo huo ikawekewa dhamana ya mali za klabu yenyewe. Klabu ambayo haikuwa na deni ikaamka asubuhi na deni kubwa kuliko klabu nyingine yoyote Uingereza, na deni hilo halikuleta mchezaji hata mmoja wala kujenga kiti kimoja cha jukwaa. Lilileta mwenye timu mpya, basi.

Sehemu nyingine ya mkopo iliwekwa juu ya kampuni ya familia, na ilitoka kwa mifuko ya uwekezaji yenye masharti ambayo hapa kwetu tungeyaita kausha damu: riba isipolipwa inarundikwa juu ya deni, nayo inaanza kuzaa riba yake. Kiwango kilikuwa asilimia 14.25 kwa mwaka, na mwaka 2010 kikapanda hadi 16.25. Kwa masikio yetu asilimia 16 ni riba ya kawaida ya benki. Lakini wakati ule riba ya msingi ya Benki Kuu ya Uingereza ilikuwa asilimia 0.5.

Januari 2010 klabu ikatafuta zaidi ya pauni milioni 500 kwa kuuza hati fungani ili kulipa mikopo ya zamani kwa mkopo mpya. Sheria ilitaka wanunuzi wa hati hizo wapewe kitabu kinachoeleza hali halisi ya kampuni, na kitabu hicho ndicho kilichowasha moto. Deni lote kwa jumla lilikuwa limepita pauni milioni 700. Humo ikaonekana pia kwamba wanafamilia walikuwa wamejikopesha pauni milioni 10 kutoka klabuni. Kiangazi kilichotangulia Cristiano Ronaldo alikuwa ameuzwa Real Madrid kwa pauni milioni 80, akaja Antonio Valencia, na Michael Owen akaja bure. Mashabiki wakaanza kupiga hesabu zao wenyewe. Wiki chache baada ya kitabu kutoka, Old Trafford ilikuwa imegeuka kijani na dhahabu.

Upande wa pili wa shauri nao lazima usikilizwe, la sivyo hatutaelewa kwa nini ugomvi huu hauishi. Wanaoitetea familia husema mambo mawili, na yote ni kweli. La kwanza, mapato ya klabu yaliongezeka mno chini yao: mwaka 2005 yalikuwa kama pauni milioni 160, na msimu wa 2022/23 yalipita milioni 640. Walikuwa wepesi kuona kwamba jina la United linaweza kuuzwa duniani kote, kipande kwa kipande. La pili, fedha za usajili zilitolewa. Paul Pogba alirudi mwaka 2016 kwa pauni milioni 89, rekodi ya dunia wakati ule, na Antony akaja 2022 kwa zaidi ya milioni 80. Klabu chache sana Ulaya zimetumia zaidi ya United katika miaka kumi hiyo. Hata bei za tiketi za msimu, ambazo mwanzoni zilipanda mwaka hadi mwaka huku mwenye tiketi akilazimishwa kununua pia mechi za makombe, baadaye ziligandishwa kwa zaidi ya miaka kumi.

Shabiki hayakatai hayo. Anachosema ni kwamba kila pauni iliyomnunua Pogba ilikuwa ya klabu, imetoka kwenye tiketi, jezi na haki za televisheni, wala hakuna iliyotoka mfukoni mwa familia. Na kabla ya kumfikia Pogba ilikuwa imeshakatwa. Ukijumlisha riba, gharama za mikopo na gawio, makadirio yaliyochapishwa Uingereza yanasema zaidi ya pauni bilioni 1 zimetoka klabuni tangu 2005. Kuanzia 2016 hadi 2022 wenye hisa walilipwa gawio la zaidi ya pauni milioni 20 karibu kila mwaka, na familia ndiyo yenye hisa nyingi. Wakati huohuo paa la Old Trafford lilikuwa linavuja. Mei 2024, siku ya mechi na Arsenal, mvua ilimiminika kutoka paani mpaka kwenye viti kama maporomoko, na dunia nzima ikaona. Mkopo wenyewe je? Mwaka 2025, miaka ishirini baada ya ununuzi, mkopo wa msingi wa klabu ulikuwa bado dola milioni 650. Hesabu imepelekwa kila jioni kwa miaka ishirini, na mkataba haujaisha.

Nadhani hapa ndipo tofauti ya hasira na kinyongo inapoonekana. Hasira ya shabiki kwa kocha ni ya msimu. David Moyes, Louis van Gaal, José Mourinho, wote walizomewa, wote wakaondoka, na leo ukimtaja Moyes kwa shabiki wa United atatikisa kichwa tu. Kocha akishindwa anapoteza kazi, na kule kupoteza kunatuliza mioyo. Mwenye timu akishindwa hapotezi kitu. Timu ilimaliza nafasi ya saba mwaka 2014 na thamani ya hisa za familia haikutikisika sana. Kinyongo ni mtu amekutendea jambo, hajakiri, na bado mnakaa nyumba moja.

Na hakuna njia ya kumtoa. Agosti 2012 familia ilizipeleka hisa za klabu kwenye soko la New York, dola 14 kwa hisa, na nusu ya fedha iliyopatikana ikaenda kwa familia. Lakini hisa zilizouzwa kwa umma zilikuwa na kura moja moja, na zile za familia zilibaki na kura kumi kumi. Unaweza kununua hisa za United leo ukiwa Dodoma, kwa njia halali kabisa, na usiweze kubadilisha chochote.

Halafu kuna ukimya, na kwa maoni yangu ukimya umeharibu mambo karibu sawa na deni. Mwishoni mwa Juni 2005 watoto watatu wa Malcolm, yaani Joel, Avram na Bryan, walikuja kuutembelea uwanja. Mamia ya mashabiki wakawazingira, na ndugu hao wakatolewa usiku ndani ya magari ya polisi. Ilikuwa siku mbaya, na mtu mwenye haki atakubali kwamba waliogopeshwa. Lakini baada ya hapo walinyamaza kwa miaka. Baba yao alifariki Mei 2014 bila mashabiki kumsikia akizungumza nao. Joel Glazer alikaa mezani na wawakilishi wa mashabiki kwa mara ya kwanza Juni 2021. Ni miaka kumi na sita kamili. Kwetu, mgeni akihamia mtaani akakaa hata mwezi bila kubisha hodi kwa jirani, watu wanaanza kusema.

Na hata mkutano ule haukuja kwa hiari. Tarehe 18 Aprili 2021 klabu kumi na mbili zilitangaza Ligi Kuu mpya ya Ulaya ya wakubwa watupu, na Joel Glazer alitajwa kuwa makamu mwenyekiti wake. Ndani ya siku mbili klabu za Uingereza zilikuwa zimejitoa, na Joel akaandika barua ya kuomba radhi. Tarehe 2 Mei mashabiki wakavunja mageti wakaingia mpaka katikati ya uwanja wa Old Trafford, na mechi na Liverpool ikaahirishwa. Sijui mechi nyingine ya Ligi Kuu Uingereza ambayo niliingoja banda umiza kwa saa nzima nikaambiwa haipo kwa sababu mashabiki wamekataa ichezwe. Wenye banda walitaka kurudisha viingilio. Wengi tulikataa kuchukua.

Katika ukimya wa familia, lawama ziliwaangukia walioajiriwa nao. Ed Woodward, aliyekuwa akifanya kazi benki ya JP Morgan na akawashauri akina Glazer kwenye ununuzi, aliongoza klabu kuanzia 2013 hadi mwanzoni mwa 2022. Januari 2020 kundi la watu lilikwenda nyumbani kwake usiku na kurusha fataki za moto. Hapo sina la kutetea. Nyumbani kwa mtu kuna mke na watoto, na hakuna deni la klabu linalofuta hilo. Mrithi wake, Richard Arnold, alikutwa na jambo linalofanana Juni 2022. Mashabiki waliokuwa wamepanga kuandamana hadi kwake walikuwa wamekaa baa ya karibu. Arnold akaenda mwenyewe pale baa, akawanunulia vinywaji, akakaa akawasikiliza na kuwajibu. Hawakukubaliana na kila alichosema. Lakini nilipoiona video ile nilijiuliza ingekuwaje kama mmoja wa watoto sita wa Malcolm angefanya hivyo hata mara moja, mwaka 2006, mwaka 2007.

Wengine watasema tatizo ni ugeni, Waingereza hawapendi Wamarekani. Sikubali. Roman Abramovich alikuwa Mrusi, na mashabiki wa Chelsea walimwimbia. Arsenal nao wanatupa mfano mzuri zaidi, kwa sababu mwenye timu yao, Stan Kroenke, ni Mmarekani, ni mkimya, na naye alikuwa ndani ya ile Ligi Kuu ya Ulaya. Aprili 2021 maelfu walikusanyika nje ya uwanja wao wa Emirates wakimtaka aondoke. Miaka miwili baadaye Arsenal ilikuwa inapigania ubingwa, Declan Rice amenunuliwa kwa pauni milioni 100 na ushee, na kelele zimekwisha. Kroenke hakuibebesha Arsenal deni la kuinunulia Arsenal. Kosa lake lilikuwa uzembe, na uzembe unasameheka mtu akianza kufanya kazi.

Nenda sasa St. Louis, jimbo la Missouri, ukamtaje Kroenke huyohuyo. Januari 2016 aliihamisha Rams, timu ya mpira wa Kimarekani ya mji huo, akaipeleka Los Angeles. Mji ukashtaki, na Novemba 2021 yeye na ligi ya NFL wakakubali kulipa dola milioni 790 kumaliza kesi. Pale hakuna ubingwa utakaomsafisha, kwa sababu ubingwa wowote wa Rams sasa ni wa mji mwingine. Mtu ni yuleyule na tabia ni ileile. London wamemaliza naye, St. Louis hawajamaliza.

Kisa kikubwa kuliko vyote vya aina hii ni cha Cleveland, Ohio. Art Modell aliinunua Cleveland Browns mwaka 1961. Tarehe 6 Novemba 1995 alisimama Baltimore akatangaza kuwa anaihamishia huko timu, na siku iliyofuata wapiga kura wa Cleveland wakapitisha kodi ya kukarabati uwanja, kana kwamba wanamwambia: hela tulikuwa nazo, ungesubiri siku moja. Kwenye mechi ya mwisho nyumbani, tarehe 17 Desemba, mashabiki walikuja na misumeno na spana, wakang'oa viti wakavitupa uwanjani. Mji ukapigania na kushinda haki ya kubaki na jina, rangi na historia ya Browns, na mwaka 1999 timu mpya ikaanza kwa jina hilo. Modell hakurudi Cleveland. Baltimore Ravens wakachukua ubingwa wa NFL Januari 2001 wakiwa mikononi mwake. Alipofariki Septemba 2012, ligi iliomba timu zinyamaze dakika moja kabla ya mechi kumkumbuka. Cleveland haikufanyika. Familia yake yenyewe iliomba isifanyike, kwa sababu walijua watu wangezomea.

Miaka kumi na saba, na kifo hakikutosha. Nilipokisoma kisa hicho niliacha kudhani kwamba kinyongo cha Old Trafford kitaisha siku familia itakapouza. Modell aliwanyang'anya watu timu kwa kuihamisha. Akina Glazer hawakuihamisha hata hatua moja, na kuna mashabiki ambao hata hivyo waliona wamenyang'anywa kiasi cha kuondoka. Kiangazi cha 2005 waliunda klabu yao, FC United of Manchester, yenye kanuni kwamba kila mwanachama ana kura moja, awe ametoa nyingi au kidogo. Walianza ngazi ya kumi ya soka la Uingereza, wakapanda daraja misimu mitatu mfululizo, na mwaka 2015 wakafungua uwanja wao, Broadhurst Park, upande uleule wa mji ilikotoka Newton Heath. Baadhi yao waliacha tiketi za msimu ambazo familia zao zilikuwa nazo kwa vizazi. Waliiacha United ikiwa na Rooney na Ronaldo, ikielekea kwenye mataji, wakaenda kusimama kwenye mvua kuangalia mafundi bomba na walimu wakicheza. Mtu hafanyi hivyo kwa sababu ya kufungwa.

Sisi wa huku mara nyingi tunaambiwa hayatuhusu, kwamba shabiki wa Morogoro au Kisumu hana tiketi ya msimu wala baba yake hakusimama jukwaa la Stretford End. Ni kweli kwa sehemu. Lakini jambo lenyewe tunalijua kwa karibu. Simba ilipobadili mfumo wa umiliki mwaka 2017 na Mohammed Dewji akashinda zabuni ya uwekezaji kwa shilingi bilioni 20, mjadala uliotikisa nchi ulikuwa wa namba mbili: asilimia 49 za mwekezaji na 51 za wanachama. Kanuni za serikali zilitaka wanachama wabaki na hiyo 51. Watu walikesha redioni wakibishana juu ya asilimia mbili. Wajerumani wana kanuni ya namna hiyo, wanaiita 50+1, na ndiyo sababu klabu zao nyingi haziwezi kununuliwa kwa deni lao wenyewe. Mwanachama wa Simba au Yanga mwenye kadi anaweza kumchukia kiongozi, lakini kuna mkutano mkuu, atasimama, atanyanyua mkono, atamaliza hasira zake kwenye sanduku la kura. Mikutano yetu ina vurugu na mizengwe yake, nimeiona. Hata hivyo mtu akitoka pale ameshasema. Shabiki wa United hana pa kwenda kusemea, ndiyo maana anasema kwa skafu.

Februari 2024 Sir Jim Ratcliffe, mzaliwa wa Failsworth, jirani kabisa na Manchester, na shabiki wa United tangu utotoni, alikamilisha ununuzi wa asilimia 27.7 za klabu akakabidhiwa masuala ya mpira. Wengi walidhani kinyongo kingepungua. Mwaka uleule wafanyakazi 250 walipunguzwa, na mapema 2025 ikatangazwa kwamba wengine hadi 200 watafuata. Malipo ya Ferguson ya kuwa balozi wa klabu yakasitishwa. Bei ya tiketi za mechi zilizobaki ikawekwa pauni 66 katikati ya msimu, bila punguzo kwa watoto wala wazee. Tarehe 9 Machi 2025, kabla ya mechi na Arsenal, maelfu waliandamana hadi uwanjani wamevaa nyeusi, na safari hii jina la Ratcliffe nalo lilikuwa kwenye nyimbo. Walisema akina Glazer wanajificha nyuma yake. Familia bado ina kura nyingi kuliko yeyote, na fedha alizozitoa Ratcliffe kununua hisa, isipokuwa sehemu ndogo iliyowekwa kwa ajili ya uwanja, zilikwenda kwa waliouza, wao wakiwa wa kwanza.

Kati ya walioandamana siku ile walikuwepo vijana wa miaka kumi na tisa, ishirini. Walikuwa watoto wachanga, au hawajazaliwa, wakati Waireland wawili wanauza fungu lao. Hawajawahi kuijua United isiyo na deni. Skafu za kijani na dhahabu walizojifunga juu ya nguo nyeusi, baadhi zilikuwa zimepauka. Ni za baba zao.